KANIAMKIA KABLA SIJAFUNGUA MDOMO

"Shikamoo bibi."

Wanangu, neno hilo nimelisikia nusu ya maisha yangu. Nimeamkiwa sokoni, nimeamkiwa kanisani, nimeamkiwa hata na kibaka aliyekuwa anatoka kuniibia kuku.

Lakini siku ile, ndani ya ofisi ile ya Mikocheni, nusura chupa ya chai initoke mikononi!

Kwa sababu aliyeniamkia alikuwa kipofu...

Na mie nilikuwa sijafungua mdomo!

Ulimi kwa mazoea ukaitika wenyewe. "Marahaba mwanangu."

Ndipo akili ikanirudia. Nikamtazama vizuri. Msichana mweupe, mnene kidogo, kavaa miwani myeusi. Fimbo nyeupe imeegemezwa mezani. Kifuani kabandikwa jina kwa herufi kubwa, nikalisoma taratibu, herufi moja moja, nisije nikakosea.

TUSAJIGWE.

Jina la mjukuu wangu!

Mjukuu wangu ambaye dakika ile ile nilikuwa nimemwacha nje, kakaa kwenye benchi la muuza vitumbua!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, maana hasira hii itanifanya niruke mambo.

Mie nakaa Bunju. Kwetu ni Rungwe, lakini Dar nimeishi mpaka nimesahau baridi. Tusajigwe, nyumbani tunamwita Tusa, ni mtoto wa binti yangu marehemu. Jina nilimpa mie. Kwa Kinyakyusa ni kusema tumebarikiwa.

Surua ilimchukua macho akiwa bado hajajua hata kufunga kamba za viatu.

Watu walinishauri mengi. Mmoja aliniambia, "Mkalishe pale kwenye mataa ya Mwenge, atakulisha huyo."

Nikamjibu, "Kamkalishe mama yako."

Nikampeleka shule. Akasoma kwa vidole, yale maandishi ya nukta nundu. Akamaliza kidato cha nne, akasomea mambo ya simu na kompyuta, ile inayotamka kwa sauti kila kilichoandikwa. Wee! Akiichapa hiyo, utadhani mtu anakata mchicha.

Mwisho akapata kazi kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo, Mikocheni. Jina siliandiki, wenyewe wakisoma watajijua. Kazi yake kupokea simu za wateja. Siku alipoitwa kazini nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani imeletwa posa.

Kuna shirika linalosaidia wasioona kupata ajira. Hilo shirika likaipa kampuni ile kompyuta ya kusema, kwa ajili ya Tusa. Likatoa na posho ya mtu wa kumsindikiza kwenda na kurudi. Bosi wa ofisi ile anaitwa Edgar, kijana wa suti na manukato. Akapokea, akapiga na picha, meno yote nje.

Kompyuta Tusa hakuiona.

Namaanisha hata kuigusa hakuigusa!

"Bosi, ile mashine yangu imefika wapi?"

"Iko kwa fundi."

"Na msindikizaji?"

"Tunalifanyia kazi."

Haikupita muda, hata simu ya mezani wakamhamishia mtu mwingine. Tusa wakamkalisha pembeni, karibu na mashine ya kutoa kopi.

"Bosi, mbona simu yangu imeondolewa?"

"Tusa, wewe kazi yako ni kukaa. Mshahara unaingia, tatizo liko wapi?"

"Mie sikusomea kukaa."

"Unajua ni wangapi wenye macho yao wanaililia hiyo nafasi?"

Alinisimulia jioni anamenya viazi.

"Bibi, wameniweka kama ua la plastiki. Wageni wakija, ndo nafutwa vumbi."

Mie ni mtu wa subira, wanangu. Wanaonijua Bunju wanajua. Nikamwambia vumilia, subira yavuta heri.

Lakini Tusa si wa kuvumilia kukaa. Kila asubuhi akawa anauliza. Mashine yangu? Msindikizaji wangu? Simu yangu? Mpaka siku hiyo Edgar akamwambia kwa sauti tamu, "Tusa, kaa nyumbani kidogo, tunafanya ukarabati. Fimbo iache hapa, ni mali ya ofisi. Tutakupigia."

Fimbo iache hapa!

Hivi mmelisoma hilo? Fimbo nyeupe ya kipofu, ile ya kukunjwa, eti mali ya ofisi! Mtoto karudi Bunju kashikilia mkono wa kondakta.

Nikang'oa mpini wa fagio la chelewa, nikampa aendee chooni.

Wiki zikapita. Simu haipigwi. Tusa akawa anakula na simu mapajani, isije ikalia akaikosa.

Kipindi hicho hicho, mwanangu wa mwisho, Brightson, mjomba wake Tusa, naye akapata kazi. Alikuwa amekaa bure muda mrefu, namlisha yeye na mke na watoto. Akaniambia kapata udereva huko Temeke, kwa tajiri mmoja. Nikasema Mungu si Athumani. Mmoja kakwama, mwingine kakwamuka.

Huyo Brightson nimwelezee kidogo. Anaingiaga nyumbani kama paka. Hana hodi, hana habari za saa hizi. Unashtukia tu kifuniko cha sufuria kinalia. Tusa akiuliza, "Nani huyo?" yeye kimya, anatafuna. Sie tukawa tunacheka. Tunasema ndo alivyoumbwa.

Basi. Siku hiyo mchana simu yangu ikalia. Alikuwa Mwanabaraka, mama mmoja wa Kizaramo anayeuza chai na vitumbua nje ya ofisi ile. Tusa alikuwa mteja wake.

"Bibi Tusa, hongera!"

"Ya nini tena?"

"Si mjukuu wako karudi kazini! Nimemwona kwa mbali akishushwa kwenye gari. Fimbo yake, miwani yake, kapendeza huyo! Kesho wana ugeni, wameniagiza vitumbua."

Nikageuza shingo. Tusa yuko mbele yangu, kwenye mkeka, kajaa maganda.

"Mwanabaraka... Tusa niko naye hapa, ananuka vitunguu saumu."

"We bibi we. Basi yule ni nani?"

Kesho yake asubuhi tukaenda. Tusa na mpini wake wa fagio, mie na kitenge changu cha kanisani. Kabla hatujafika akanishika mkono.

"Bibi, usipige kelele huko."

"Mie nimeshawahi kupiga kelele?"

"Hujawahi. Ndo maana naogopa."

Mwanabaraka alikuwa ameshapanga mambo. Tusa akamkalisha kwenye benchi lake, mie akanikabidhi chupa kubwa ya chai.

"Beba hii, mie nabeba vitumbua. Nyamaza tu, unifuate. Nani amuulize bibi kizee mwenye chai anaenda wapi?"

Na kweli, mlinzi hakuuliza. Tukapita. Nimevaa kandambili, siongei, sikohoi.

Ndipo yule binti wa mapokezi akainua uso, akaniambia, "Shikamoo bibi."

Sasa mmenielewa kwa nini chupa nusura inidondoke?

Nikaenda pembeni kwenye meza ya chai, nikaanza kumimina kidogo kidogo huku nasikiliza.

Ofisi nzima ilikuwa imeinamia meza. Wafanyakazi wote wanamjua Tusa! Wamekula naye, wamecheka naye. Hakuna aliyeinua jicho. Mkate wa mtu huo, unafunga mdomo kuliko gundi.

Mgeni, ambaye tulimkuta kasimama humo humo mapokezi, alikuwa mama mmoja mtu mzima, anaitwa Kokuberwa, ametoka kwenye lile shirika. Mwenzake aliyemfahamu Tusa alikuwa ameshahamishwa, yeye ndo mara ya kwanza anafika. Edgar anamtembeza kama bwana harusi.

"Na huyu ndiye Tusajigwe wetu. Tunamtunza kama yai."

"Hujambo Tusajigwe? Ile kompyuta inakusaidia?"

"Sana mama," akajibu yule binti. "Na msindikizaji ninaye kila siku. Bosi hajawahi kuninyima kitu."

Kompyuta kweli ilikuwepo mezani. Nikaiona. Ubavuni imebandikwa stika za katuni, za watoto. Hapo nikajua huyo fundi anakaa nyumba gani!

Halafu yule binti akasimama kumpa mgeni mkono. Alipotaka kukaa tena, akapapasa kiti kwa mgongo wa mkono.

Mgongo wa mkono, wanangu!

Nikaacha kumimina chai.

Mnajua kwa nini? Kwa sababu hilo nilimfundisha Tusa mie, kwenye jiko langu la mkaa. Nilimwambia kiganja ndicho kitakachokulisha, usikitangulize kwenye usichokijua. Tanguliza mgongo wa mkono. Ukiungua, uungue huko. Mpaka leo Tusa akitafuta kiti, kikombe, mlango, chochote, mgongo wa mkono kwanza. Shuleni wenzake walikuwa wanamcheka, hakuna mwingine anayefanya hivyo.

Sasa limetokaje jikoni kwangu Bunju, likafika Mikocheni kwenye mkono wa mtu nisiyemjua?

Nikaiweka chupa chini.

"Mama mgeni, samahani. Nina swali moja."

Edgar akageuka haraka. "Bibi, chai umeshaleta, asante sana. Subiri nje."

"Mwache aseme," mama Kokuberwa akamkata. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe umeniamkia kwa nini?"

Akacheka kidogo, hajaelewa. "Si nimekuona mama yangu. Mkubwa kwangu."

"Na huyu aliniamkia kwa nini?"

Akamgeukia yule binti, kisha akanirudia mie.

"Nilipoingia humu, ulisikia nikisema neno lolote?"

"Hapana..."

"Nilikohoa?"

"Hapana mama."

"Mie nimelea mtoto asiyeona. Asiyeona hatupi shikamoo hewani! Wangu alipokuwa mdogo alimwamkia mtoto wa jirani ambaye hata kutembea hajakaza. Watu wakacheka mpaka akalia. Tangu hapo anangoja. Mpaka useme, ndo ajue wewe mkubwa au mdogo, baba au mama. Sasa huyu kajuaje kama mie bibi, na sio kijana mleta chai?"

Ofisi nzima ikainua vichwa.

Yule binti akajitetea. "Nili... nilisikia kandambili."

"Kandambili hata wewe ukienda kuoga unavaa!"

Mwanabaraka kule mlangoni, "Kwi!" akaziba mdomo na ushungi.

Edgar akacheka, kile kicheko cha kufunika. "Mama Kokuberwa, hawa watu wana masikio ya ajabu. Mungu akikunyima macho anakupa masikio ya popo."

Masikio ya popo!

Nawaambia ukweli, hapo ndipo subira yangu ya miaka yote ilipokatika kama kamba ya ndoo. Mtu anakunyang'anya simu, anakunyang'anya mashine, anakunyang'anya fimbo, anakunyang'anya na jina. Kisha anakuita popo!

"Mwanabaraka!" Sauti yangu sikuijua. "Kaniitie popo wangu hapo nje!"

Edgar rangi ikamtoka.

Mama Kokuberwa akaweka kidole mdomoni, akatuangalia wote, yaani mtu asiseme. Mama mjanja yule.

Tukasikia tok, tok, tok, mpini wa fagio kwenye vigae. Tusa akasimama mlangoni. Kanyoosha shingo. Watu zaidi ya kumi mle ndani, pumzi zimebanwa.

Akangoja.

Akangoja.

"Hodi humu ndani... Samahanini. Naombeni mseme, nijue wa kumwamkia."

Mama Kokuberwa macho yakamjaa maji.

"Mie naitwa Kokuberwa, mwanangu."

"Shikamoo mama. Mie naitwa Tusajigwe."

Hapo jina likarudi kwa mwenyewe.

Yule binti akavua miwani. Taratibu, kama mtu anayevua plasta kwenye kidonda. Macho mazuri tu, makubwa, yanaona mpaka bahari.

"Naitwa Shamimu. Natoka Mbagala. Mama, mie sio kipofu..."

"Shamimu!" Edgar akafoka.

"Niache bosi! Nimemaliza chuo, nazunguka na bahasha mpaka soli za viatu zimeisha. Nikaambiwa nikae hapa mpaka ugeni upite, nikubali kila nitakachoulizwa, halafu nitapewa kazi ya kweli..."

Tusa akatikisa kichwa.

"Kumbe na wewe umepewa kazi ya kukaa, dada yangu."

Shamimu akaanza kulia. Mie sikumwonea huruma, nisiwadanganye. Nilikuwa na langu.

"Wewe binti. Nani kakufundisha kupapasa kwa mgongo wa mkono?"

Akamtazama Edgar. Edgar akatazama dari.

"Nakuuliza! Nani?"

Hajajibu, mlango wa nyuma ukafunguka. Mtu akaingia. Mie nilikuwa nimeupa mgongo. Hakusema kitu, na sie hakuna aliyesema kitu.

Nikamwona Tusa anageuza uso polepole kuelekea kule nyuma.

"Shikamoo mjomba."

Na huyo mtu hajafungua mdomo!

Edgar akapiga makofi. "Mmeona! Mmeona wenyewe! Na huyu naye kaamkia kabla ya sauti! Sasa nani muongo hapa? Bibi, nani muongo?"

Kweli kaamkia kabla ya sauti. Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimetoka kusema hilo haliwezekani!

Tusa hakupandisha sauti.

"Bosi, kila anayeingia sehemu anasema kitu. Atasema habari, atasema samahani, hata kuguna ataguna. Tangu niko mdogo namjua mtu mmoja tu anayefungua mlango akaniona, akanyamaza, ili nisijue kama yupo. Nimemjua kwa kunyamaza kwake."

Nikageuka.

Brightson.

Mwanangu wa kumzaa! Kavaa shati la kampuni ile, ufunguo wa gari unaning'inia kidoleni, mdomo wazi.

"Temeke kwa tajiri ndo hapa, Brightson?"

"Mama... mama ngoja nikwambie..."

"Ndiye!" Shamimu akamnyooshea kidole. "Ndiye aliyenifundisha! Kutafuta kiti. Kumimina maji kidole kikiwa kwenye ukingo wa glasi. Kuinamisha kichwa nikisikiliza. Alisema kakaa na kipofu nyumba moja, anajua kila kitu."

Kila kitu!

Basi hapo ndo nikaona kilichonitoa machozi ya hasira. Brightson alimfundisha kila kitu isipokuwa kungoja sauti. Na hakuficha, masikini, hakujua! Atajuaje jinsi mtoto anavyongoja sauti ya mtu, na yeye sauti hiyo hajawahi kumpa hata siku moja?

"Mama, nilikuwa sina kazi," akaanza. "Nilimleta Tusa siku moja, bosi akaniita pembeni. Akasema huyu binti maswali yake mengi, ugeni ukija atawaharibia. Akasema nikimsaidia nitaendesha gari la ofisi. Nilijua Tusa atarudishwa tu..."

"Usinisingizie!" Edgar kapandwa na hasira. "Wazo la kumweka mtu mwingine lilikuwa la nani?"

"La nani? Bosi, si wewe uliyesema wageni hawajui sura yake!"

"Wewe ndo ulisema kipofu ni kipofu, nani atamtofautisha!"

Walivyokuwa wanarushiana maneno, kama kuku wawili kwenye punje moja. Tusa yuko katikati yao. Hilo neno la mwisho lilimfikia. Nililiona linavyomfikia.

Kipofu ni kipofu... Kalisema mjomba wake!

Nikaichukua ile fimbo nyeupe mezani. Brightson akajikunja, kainua mikono kichwani, akijua leo ni leo. Ofisi nzima ikaguna.

Sikumpiga.

Nikamwendea Tusa, nikamtoa mpini wa fagio mkononi, nikamshikisha fimbo yake. Mpini nikaenda kumshikisha Brightson.

"Huu wako. Ukipata chelewa, utaufungia mwenyewe."

Basi, tuko katika hali hiyo, simu ya mezani ikalia.

Kriii! Kriii!

Hakuna aliyejigusa. Shamimu akainuka, akarudi nyuma, akakiacha kiti.

Tusa akaenda. Tok, tok. Mgongo wa mkono ukagusa kiti, ukagusa meza, ukagusa simu. Akakaa. Akakohoa kidogo, kama anavyofanyaga kabla ya kuimba kwaya.

"Habari za asubuhi, asante kwa kutupigia. Mie naitwa Tusajigwe. Nikusaidie nini?"

Mteja anauliza mzigo wake wa Tunduma. Tusa mkono mmoja simu, mwingine kwenye kompyuta, vidole vinakata mchicha. Mashine ikaanza kumsomea kwa sauti ile ya puani. Akatabasamu. Alikuwa anaisikia mle ofisini kwa mara ya kwanza.

"Mzigo wako umelala Makambako, kaka. Unaingia Tunduma leo."

Mama Kokuberwa akamgeukia Edgar.

"Bwana Edgar, mie naomba namba ya mwenye kampuni. Sasa hivi."

Mtauliza yaliyofuata. Edgar hakufukuzwa, nisiwapambie. Watu wa suti hawaangukagi, wanasogezwa. Kanyang'anywa ukubwa, kawekwa meza ya kawaida, nyuma ya Tusa. Kila akipita inambidi aseme, "Tusa, ni mie Edgar, napita." Tusa anamjibu, "Pita bosi." Bado anamwita bosi. Wenzake wanasema hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Mwenye kampuni alikuja nyumbani kwangu kuomba radhi. Nikampa chai, nikamuuliza, "Wakati mjukuu wangu amekalishwa kama ua la plastiki, wewe ulikuwa unapita pale mlangoni?" Akasema alikuwa anapita. "Ulikuwa unamsalimia?" Akatazama chai yake.

Na Shamimu? Hapa mie na Tusa tuligombana. Posho ya msindikizaji iliporudi, kampuni ikamwambia Tusa achague mtu mwenyewe. Akamchagua Shamimu!

"Tusa, una wazimu? Yule aliyevaa jina lako?"

"Bibi, kakaa kwenye kiti changu akijifanya mie. Katika ofisi nzima ni yeye tu anayejua kinavyouma."

Sikupenda. Mpaka leo akija asubuhi kumchukua, namwitikia marahaba huku midomo nimeibana. Lakini anafika. Na anapiga hodi.

Sasa Brightson.

Alifukuzwa siku ile ile. Jioni tumekaa ndani, mie na Tusa, tunamenya vitunguu. Kitasa kikazungushwa, taratibu, bila hodi. Ila mara hii nilikuwa nimeweka komeo.

"Nani?" nikauliza.

Kimya.

"Nani?"

"Ni mie, mama. Nifungulie."

"Nyumba hii mwenye kufungua leo sio mie. Ongea na mwenzio."

Nilimsikia anahema upande wa pili wa bati.

"Tusa..."

Tusa akaacha kumenya. Wanangu, katika umri wake wote, nadhani ndo mara ya kwanza kumsikia mjomba wake akimwita kwa jina bila kuwa na shida ya kumtuma kitu.

"Tusa, ni mie Brightson. Mjomba wako. Naomba kuingia."

Tusa akageuza uso kule mlangoni, kanyoosha shingo vile vile kama asubuhi ile ofisini. Nikajua ataniomba nifungue. Moyo wake naujua, mlaini.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Leo nimekusikia."

Kisha akachukua kitunguu kingine, akaendelea kumenya.

Mlango hakuufungua. Na mie sikumwambia aufungue. Subira yangu ilibaki Mikocheni, sijaenda kuichukua.

Nyie wenye ofisi zenu, kazi ya kukaa sio kazi. Asiyeona akikuomba vifaa haombi huruma yako, anaomba afanye alichoajiriwa kufanya. Ukimlipa akae, umemfukuza huku unajisifu.

Na sie wengine tusiokuwa na ofisi tusijione wema. Ukiingia alipo asiyeona, sema. Sema wewe nani. Kunyamaza mbele ya mtu anayekungojea sauti ni kumfungia mlango uso kwa uso, na wizi mkubwa niliotendewa mie ulianzia kwenye kimya kidogo hicho, sebuleni kwangu, na tukawa tunakicheka.

Basi na wewe uliyesoma mpaka hapa, usipite kimya kama Brightson. Sema hata hodi.